Kichwa cha Papa Kanyamibwa

Kibabi nzima ilikwisha kujua kwamba Emérence ameua mtu kabla Emérence mwenyewe hajapata habari. Alikuwa bombani asubuhi, bidoni yake inajaa, anasimulia jinsi mbuzi wake alivyoingia kanisani wakati wa sadaka, na akaona hakuna anayecheka. Wanawake wale, ambao siku nyingine hucheka kabla hadithi haijafika kwenye utamu wake, walitazama bidoni zao kana kwamba maji yamegeuka rangi. Mwishowe mmoja akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Papa Kanyamibwa amekufa.

"Kanyamibwa gani?"

"Wa chukudu. Mama Pétronille ameamuka, akamukuta ameisha poa."

Emérence akaziba mdomo kwa kiganja. Jana yake tu mzee huyo alikuwa nyumbani kwao. Alikuwa rafiki wa mumewe, Esdras, ambaye siku hiyo walikuwa wameteremka pamoja na mizigo kutoka Kingi, na katika milima hii hapakuwa na mtu aliyeijua chukudu kama yeye: ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ambayo mtu huipakia magunia ya maharagwe na mihogo, akaweka goti juu yake na kuteremka nayo kama mwewe. Machozi yakamtoka. Akatua bidoni ili alie vizuri, na hapo ndipo alipoona kwamba wenzake wamejisogeza nyuma, kama watu wanaompisha ng'ombe mkali.

"Sasa mbona munanikimbia?"

Walitazamana. Yule yule wa kwanza akajitwika mzigo wa kujibu. "Banasema alikunywa kwako, Mama Shekinah. Akafika kwake, akatapika, akakoroma, akafa. Na banasema haukuonja."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa. Huku Masisi mwenye nyumba hampi mgeni kinywaji hivi hivi. Humimina, hunywa funda moja mgeni akiona, kisha ndipo humkabidhi kikombe. Ni adabu, lakini ni kiapo pia: kama nimekutilia karuho, sumu ile ya chini ya ukucha, basi tutakufa wote wawili. Sasa siku ile Emérence na akina mama wenzake wa kanisa walikuwa wamefunga kwa ajili ya maombi, na jua lilikuwa halijazama. Alimmiminia Kanyamibwa mutobe, maji matamu ya ndizi mbivu, akampa bila kugusa, akamweleza kwamba amefunga. Mzee alicheka. Alisema karuho ikimuua katika nyumba hii, atakufa mtamu. Akanywa kikombe chote, akaomba kingine.

Majirani waliokuwa barazani waliusikia mzaha huo na kuucheka. Sasa haukuwa mzaha tena, ulikuwa ushahidi.

Darius, mdogo wa marehemu, alifika kabla ya saa sita akiwa na nusu ya ukoo nyuma yake. Alikuwa kiongozi wa kwaya, na alikuwa na sauti ambayo hata akiomba chumvi utadhani anaita watu kwenye moto. Alisimama katikati ya uwanja, akakataa kiti.

Alisema mengi, na mengi aliyarudia. Kwamba kaka yake aliamka mzima, akaenda Kingi mzima, akarudi mzima. Kwamba mtu mzima hafi kwa usingizi. Kwamba Emérence si wa hapa, alitolewa Walikale, na watu wa msitu wa Walikale wanajua majani ambayo hata mbuzi hayajui. Basi arudi huko kwao kabla vijana hawajachemka, maana vijana wakichemka, yeye Darius hatakuwa na la kuwaambia.

Emérence alimsikiliza mpaka mwisho. Ulimi wake haukuwa umefungwa.

"Papa Darius, kama ningejua ile majani, si ningeanza na mbuzi yangu yenye kunipatisha haya kanisani?"

Kuna mtu nyuma alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Darius akakasirika zaidi. Akamgeukia Esdras, akamwambia kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, aseme neno. Esdras alitazama vidole vya miguu yake. Alisema kwamba ni huzuni kubwa, kwamba Kanyamibwa alikuwa kama ndugu. Alipofika pale ambapo mume angesema mke wangu hajaua mtu, akapiga chafya, na baada ya chafya hakuendelea.

Ukoo ukaondoka. Emérence akaingia jikoni, akapika ugali na sombe, majani ya mihogo aliyokuwa ametwanga jana, akaandaa mezani. Esdras alikuwa nje. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba, anachoma viazi viwili kwenye majivu, mwenyewe, mtu ambaye katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuwasha hata kijiti.

"Papa Shekinah, unaogopa bugali yangu?"

"Hapana. Mimi ninakuamini kabisa," Esdras akasema, na hakuinua macho. "Tumbo njo inachelewa kukuamini."

Emérence hakujua acheke au alie, basi akafanya vyote viwili kidogo kidogo. Maneno ya Darius yalikuwa yamemchubua tu. Viazi viwili vile vilimchoma. Na kesho yake yakafuata mengine madogo madogo ya namna hiyo. Binti yake Shekinah alirudi kutoka shuleni na mhogo aliokuwa amempelekea mwalimu, umefungwa vile vile, na salamu kwamba mwalimu ameshiba. Mama mmoja aliyeazima mwiko wake aliurudisha kwa kuuegemeza ukutani, akapiga hodi na kukimbia. Hata kwenye maombi ya jioni kanisani, benchi lake lilikuwa na nafasi ya watu wanne, na akina mama walibanana kwenye benchi la nyuma kama dagaa.

Akafikiri juu ya Walikale. Kaka zake wangempokea. Lakini mtu akiondoka usiku wa kuamkia mazishi, jina lake linabaki nyuma na kuendelea kuishi bila yeye, na watoto wake watalirithi. Kulipokucha akavaa kitenge chake kizuri, akapanda kilima hadi kilioni.

Watu walimpisha njia pana alipoingia. Maiti ilikuwa ndani, imefunikwa, na mjane, Mama Pétronille, alikuwa ameketi chini kwenye mkeka. Afisa wa polisi mwenye kazi ya upelelezi, ambaye wote walimwita Komanda, alikuwa amekwisha kuitwa na Darius. Alikuwa ameketi barazani anangoja mtu amwonyeshe wa kumfunga.

Emérence hakulia wala hakujitetea. Alisema kwamba anaomba kitu kimoja. Papa Kanyamibwa apelekwe hospitali, Masisi kwenyewe, dokta amfungue atafute hiyo karuho. Ikipatikana, yeye mwenyewe atapanda pikipiki ya Walikale, tena bila kuaga.

Darius akapaza sauti kwamba mtu wa ukoo wao hakatwi kama ng'ombe wa Krismasi. Wazee wakatikisa vichwa. Lakini Komanda alisema kwamba hilo ndilo jambo la maana alilolisikia tangu asubuhi, na kwamba karatasi ya kumwamuru daktari anaweza kuiandika sasa hivi, mwenye maiti akikubali. Macho yote yakamwendea Pétronille.

Mjane alifikiri. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sura, na watu waliomzoea walijua kwamba upole ulikuwa wa sura tu.

"Bamufungue," alisema. "Huyu baba alinificha mambo mingi akiwa muzima. Tuone yenye iko ndani."

Walimpeleka kwa chukudu. Wanaume wa chama cha chukudu walikataa machela, walisema Kanyamibwa hawezi kupanda kilima amelala kama mgonjwa wakati chombo chake kipo. Wakamfunga vizuri kwa blanketi juu ya ubao ule alioupigia magoti maisha yake yote, wakasukuma wawili nyuma na kuvuta wawili mbele. Walianza kwa wimbo wa huzuni. Kilima cha pili kilipofika walikuwa wanabishana nani ashike usukani, na kila mmoja alikuwa na hadithi ya marehemu ya kuonyesha kwa nini yeye anastahili. Huyu alimwona akiteremka na ndama begani. Yule alimwona akiteremka amelala usingizi. Wote walikubaliana juu ya jambo moja, kwamba Kanyamibwa hakuanguka hata mara moja tangu ujana, na ndiyo maana Jumapili ijayo walikuwa wamfanye rais wa chama.

Esdras alisukuma kimya. Kila walipotaja kuanguka, aliinamisha kichwa, na Emérence aliyekuwa anafuata nyuma na Pétronille alidhani ni kilima kinamchosha.

Lushebere, penye kambi ya watu waliokimbia vita, watoto walitoka kutazama, na bibi mmoja akauliza ni mkubwa gani huyu anayesindikizwa hivi. Akajibiwa ni rais. Akajifunga kitenge upya kwa heshima.

Daktari aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke kijana, Dokta Myriam, mwenye mikono myembamba na sauti ya mtu asiyekuwa na wakati wa kupoteza. Alisoma karatasi ya Komanda, akaomba wamwachie mwili, akafunga mlango. Watu wakakaa kwenye nyasi za uwanja wa hospitali. Kwa muda mrefu hawakusikia kitu. Halafu wakasikia msumeno, na kwaya nzima ya Darius isingeweza kuimba ikaufunika ukimya uliofuata.

Emérence alikuwa anajua kwamba hakuweka kitu chochote katika kikombe kile. Lakini uwanjani pale, watu wote wakimtazama kwa pembe ya jicho, alianza kujiuliza kama ndizi ziliiva vizuri, kama kibuyu kilioshwa, kama kweli mkono wa mtu unaweza kuua bila kumwambia mwenyewe.

Dokta Myriam akatoka akifuta paji la uso. Akamwita Komanda, mjane na ndugu, na waliobaki wakajiita wenyewe.

"Karuho sikuona," alisema. "Tumbo na maini viko safi. Kilichomuua kiko hapa." Akajigusa juu ya sikio la kulia. "Nilimunyoa nywele, nikakuta uvimbe. Chini ya uvimbe mufupa umepasuka, sawa na kibuyu chenye kimeanguka. Na chini ya mufupa kuna mushipa wa damu. Ulikatika."

Aliwaeleza polepole, kwa mkono mmoja amekunja ngumi kuwa ubongo, na kiganja cha pili juu yake kuwa mfupa. Mshipa ukikatika pale, damu haina pa kutokea. Inakusanyika kati ya mfupa na ubongo, tone kwa tone, na mwenyewe hana habari. Anaongea, anacheka, anakunywa. Baadaye kichwa kinamuuma, anatapika, usingizi unamshika, anakoroma. Watu wanasema amelala vizuri. Kumbe damu inamminya ubongo, mpaka pumzi inakatika.

Emérence akamshukuru Mungu kwa sauti. Pétronille akamshika mkono bila kumtazama, akaukamata kwa nguvu. Furaha hiyo ilidumu kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mara moja, maana Darius alikwisha kupata njia nyingine.

"Basi alipigwa," alisema. "Muntu alimupiga kwa kichwa. Na siku ile alitoka Kingi na nani?"

Hapakuwa na haja ya kujibu. Komanda alisimama, na pingu kiunoni mwake zikalia. Esdras alikuwa wa rangi ya jivu.

Daktari akainua mkono. Alisema hajamaliza. Mtu aliyepigwa kwa fimbo hali kichwa kimetulia, ubongo wake huchubuka pale pale chini ya pigo. Lakini kichwa kikiwa mbioni, kikakutana na kitu kisichosogea, kama jiwe au ardhi, ubongo hurushwa ndani na kuchubuka upande wa pili. Wa mzee huyu ulikuwa umechubuka upande wa kushoto. Tena kiganja kimechunika, kiwiko kimechunika, na kwenye nywele alikuta mchanga.

"Huyu baba alianguka, tena kwa mbio," alisema. "Ninauliza tu, alianguka wapi?"

Wanaume wa chukudu walipinga wote kwa pamoja. Walimwambia dokta kwa heshima kwamba amesoma sana, lakini Kanyamibwa haangukagi. Mmoja alisema labda ni ardhi ndiyo iliyomrukia. Komanda naye alisema kwamba mtu anaweza kuanguka kwa kusukumwa, na akamsogelea Esdras hatua nyingine.

Na hapo Emérence, ambaye alikuwa amebeba jina la muuaji na sasa lilikuwa limehamia kwa mumewe, akakumbuka kitu. Kanyamibwa alipokuja kunywa mutobe alikuwa amevaa kofia, ameishusha mpaka masikioni. Yeye aliona na hakuwaza. Kanyamibwa hakuwa na kofia.

"Papa Shekinah," aliita. "Ile siku ya mutobe, kofia yako ilikuwa kwa kichwa ya nani?"

Esdras akatazama mlango wa chumba alimolazwa marehemu.

"Sema. Marehemu hatakufunga. Huyu Komanda njo atakufunga."

"Niliapa," Esdras akasema kwa sauti ya mtoto. "Alinishika mukono, akaniapisha. Kwamba nikisema kama Kanyamibwa ameanguka, atakuja kunikalia kwa kifua kila usiku mupaka nikufe."

Kisha ikamtoka yote, kama gunia lililopasuka. Kwenye mteremko wa kutoka Kingi, na mizigo juu, walikuwa wamekutana na akina mama wa kwaya wanapanda. Kanyamibwa aliona haifai kupita kimya. Aliachia usukani, mikono yote miwili, akawavulia koti ili awapungie nalo. Akina mama walipiga vigelegele na kuendelea na njia yao. Kwenye kona, pale walipokuwa hawamwoni tena, koti bado lilikuwa limemfunika uso, chukudu ikaenda kushoto na yeye akaenda kulia, kichwa kwenye mawe ya mtaro. Alilala kidogo kama mtu anayesali. Halafu akaamka, akaitukana chukudu kwa lugha tatu, akacheka, akaomba kofia ya kuficha uvimbe kwa sababu uchaguzi ni Jumapili.

"Koti kwa uso?" Pétronille aliuliza.

"Kwa uso, mama. Mukono moja ilikuwa bado kwa koti."

Pétronille akajifunika uso kwa kitenge. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Watu walidhani analia na wakasogea kumshika, kumbe anacheka, anacheka mpaka anajishika mbavu, mke aliyelishona lile koti mara saba kwa sababu ya ujinga ule ule. Kicheko kikawaingia wanaume wa chukudu. Kikamfikia Komanda, akageuka kutazama miti. Hata Darius pua ilimcheza.

Dokta Myriam aliwangoja. Kisha akamwuliza Esdras kwa nini hakusema, walipoanza kumtuhumu mkewe.

"Dokta, aliamuka," Esdras akasema. "Alisimama, alicheka, alikunywa. Muntu mwenye ameisha amuka, je, nitajua kama ile kuanguka ingali ndani yake? Hata mimi nilisema ni karuho."

Hakuwa anadanganya, kila mtu pale aliona kwamba yeye mwenyewe angewaza vile. Daktari akasema kwamba hilo ndilo linalomsumbua. Mtu akigongwa kichwa akazimia hata kidogo, kisha akaanza kuumwa kichwa na kutapika, asiachwe alale. Aletwe mbio. Kuna wakati tundu dogo kwenye mfupa linatosha kutoa damu, na mtu anarudi kwake. Hakusema kwamba Kanyamibwa angepona. Hakusema pia kwamba asingepona. Kicheko kikakatika, na Esdras akakaa chini kwenye nyasi, akalia kweli kweli, na hakuna aliyemnyamazisha.

Waliporudi, barabara ilikuwa tulivu na marehemu alikuwa mbele yao, ameshonwa, ameoshwa, juu ya chukudu yake. Emérence alitembea mbele ya mumewe. Karibu na Kibabi Esdras akamwambia kutoka nyuma kwamba tumbo sasa limemfikia, tena limefika na njaa. Emérence akamjibu kwamba amechelewa, jiko limefungwa kwa wenye tumbo la namna hiyo mpaka atakapoamua yeye mwenyewe. Alisema bila kugeuka, kwa hiyo Esdras hakuona kwamba alikuwa anatabasamu.

Mazishi yalikuwa kesho yake, na kila kilima kilishuka. Habari ya koti ilikuwa imetangulia. Watu waliokuja kulia waliomba kwanza wasimuliwe. Chama cha chukudu kilimchagua Kanyamibwa rais pale pale kaburini, kwa mikono juu, na makamu wake akaahidi kushika usukani kwa mikono miwili.

Darius alimngojea Emérence kando ya njia. Ile sauti yake yote ilikuwa imekwenda wapi, haijulikani. Alisema kwamba mtu mwenye kufiwa anaongea kama mtu mwenye homa. Emérence alimjibu kwamba homa imemkuta yeye pia, ila yeye aliugulia nyumbani kwake. Darius akameza mate, akasema, "Unisamehe, mama." Akasema neno hilo mara moja tu, na kwa mtu aliyezoea kurudia, lilitosha.

Lakini msamaha wa mdomo ni wa mdomo. Emérence alijua kwamba kuna watu waliosikia maneno ya dokta na kuyakubali kichwani, na bado wangeruka kikombe chake. Alikuwa ameketi mbali kidogo, wakati Pétronille alipotoka ndani akiwa amejifunga kitambaa cha mfiwa, akapita katikati ya akina mama wote waliokuwa wanachambua mboga, akasimama mbele yake.

"Mama Shekinah, unakaa kando juu ya nini? Hii bantu yote itakula nini? Sufuria ya kanisa iko kwa moto, maharagwe iko ndani, na kule hakuna mwenye kujua chumvi. Fika."

Alisema kwa sauti ya kufika barabarani. Emérence akasimama. Alipika sufuria ile kubwa peke yake, kwa mwiko mrefu kama jembe, moshi ukimtia machozi ambayo hakuna aliyeweza kuyauliza. Alipoita, hakuna aliyesogea mara moja. Watu walitazamana. Pétronille akaja na sahani, akapakuliwa, akala amesimama, akarudi kuongeza. Nyuma yake akaja yule mama wa bombani, macho chini. Nyuma yake mwalimu wa Shekinah. Kisha wote, chama kizima cha chukudu, kwaya, wageni wa Lushebere ambao hakuna aliyewaalika, wakisukumana na kulaumiana kwa kupita mstari. Esdras alisimama humo katikati na sahani yake kama watu wengine, na hakupendelewa.

Jua lilipokuwa linaelekea milimani, Darius alitokea tena, mara ya tatu, sahani ameificha nyuma ya mgongo.

"Mama Shekinah, kunabakia?"

Emérence akainamisha sufuria ili aone mwenyewe. Mwiko ulikuwa umekwangua hadi chuma. Hapakuwa na harage moja, wala mchuzi wa kulowesha kidole, na yeye mpishi hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi.

"Imeisha, Papa Darius," alisema. "Yote."

Akaketi kwenye kigogo kando ya moto, mikono kwenye magoti. Njaa ilikuwa inamuuma, na ilikuwa inamuuma vizuri sana.